Spika za kompyuta zikivuma, usikimbilie kununua nyingine

Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wengi wa kompyuta majumbani, maofisini, makanisani na katika studio ndogo za mitaani hukumbwa na kero moja inayofanana: spika zinazovuma, zinazokwaruza au zinazotoa milio isiyoeleweka hata pale ambapo hakuna muziki unaopigwa.

Wapo wanaoizoea kero hiyo wakidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Wapo wanaozitupa spika na kununua nyingine, kisha wakashangaa kuona mvumo ule ule umerejea. Wapo pia wanaoshauriwa kukata pini moja ya plagi, na kweli mvumo unanyamaza, lakini wanakuwa wamejiwekea hatari kubwa ndani ya nyumba.

Ukweli ni kwamba kila aina ya kelele ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho kinaweza kutambuliwa kwa dakika chache bila kifaa chochote cha kupimia. Kinachotakiwa ni kusikiliza kwa makini na kufuata utaratibu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua kelele, kuitafuta inakotoka na kuiondoa. Aidha, yanaeleza kwa nini mvumo wa spika wakati mwingine ni onyo kwamba umeme wa nyumba hauko salama.

Sikiliza kwanza

Kelele ya kwanza na iliyo maarufu zaidi ni mvumo mzito usiokoma, mfano wa nyuki walio mzingani. Huu kwa kawaida hutokana na umeme wa nyumbani.

Umeme wa gridi katika nchi za Afrika Mashariki hubadili mwelekeo wake na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Mwendo huo ukipenya katika njia ya sauti, spika huutamka kama mvumo mzito wa hezi 50 au wa hezi 100.

Ya pili ni sauti nyembamba ya "shii", kama hewa inayovuja kwenye tairi. Kila amplifaya ina kiasi fulani cha sauti hii, na huwa kero pale tu inapokuzwa kupita kiasi.

Ya tatu ni mikwaruzo na milio ya "tap, tap" inayokatiza muziki. Hii inaweza kutoka kwenye waya uliolegea, kitufe cha sauti kilichochakaa, au kompyuta iliyozidiwa na kazi.

Ya nne ni mlio wa "tit-tit-tit, tit-tit-tit" unaosikika sekunde chache kabla simu ya mkononi haijaita. Ya tano ni mluzi mkali unaopanda ghafla pale mikrofoni inapokuwa imewashwa karibu na spika.

Ya sita ni milio midogo midogo inayobadilika kila unaposogeza kipanya au kufungua faili. Msomaji akishajua kelele yake iko katika kundi lipi, nusu ya kazi imekwisha.

Majaribio manne ya kumtambua mkosaji

Jaribio la kwanza ni kuzungusha kitufe cha sauti kilicho kwenye spika zenyewe. Iwapo kelele inabaki pale pale hata sauti ikishushwa hadi mwisho, tatizo limo ndani ya spika au katika umeme unaoziendesha. Iwapo inapanda na kushuka pamoja na kitufe, basi inaingia kutoka nje, kupitia waya wa sauti.

Jaribio la pili ni kuchomoa waya wa sauti kwenye kompyuta huku spika zikiwa zimewashwa. Kelele ikitoweka, kompyuta au namna ilivyounganishwa ndiyo yenye lawama. Hata hivyo, ncha ya waya huo isiguswe kwa vidole wakati wa jaribio, kwani mwili wa binadamu hunasa umeme ulio hewani na spika zitavuma hata kama ni nzima.

Jaribio la tatu ni kuziunganisha spika hizo na simu au redio inayotumia betri, kisha kupiga wimbo wowote. Sauti ikitoka safi, spika hazina kosa, na fedha ya kununua nyingine inaweza kubaki mfukoni.

Jaribio la nne linawahusu wenye kompyuta mpakato. Muziki ukiwa unapigwa, chaji ichomolewe ili kompyuta itumie betri yake. Mvumo ukikatika papo hapo, chanzo ni njia ya umeme na wala si programu.

Makosa madogo yanayorekebishika haraka

Kabla ya kufikiria makubwa, ni vema kuanza na yale ambayo hayagharimu kitu.

Waya wa sauti uhakikishwe kuwa umeingia katika tundu linalostahili. Kwa kompyuta nyingi za mezani tundu la spika huwa na rangi ya kijani, la mikrofoni huwa la waridi, na la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine huwa la samawati. Pini isiyoingia hadi mwisho, au tundu lenye vumbi na kutu, hutosha kuleta mikwaruzo au kuufanya upande mmoja unyamaze.

Waya za sauti zitenganishwe na waya za umeme. Zinapolazwa pamoja na kufungwa fungu moja nyuma ya meza, waya wa umeme huupitishia mvumo wake ule wa sauti. Ikibidi zipishane, zikatizane mfano wa msalaba badala ya kwenda sambamba.

Kwa ile sauti ya "shii", dawa yake ni kupanga viwango. Watu wengi huacha sauti ya kompyuta ikiwa chini sana na kufungua spika hadi mwisho, matokeo yake amplifaya hukuza kelele pamoja na muziki. Inafaa kufanya kinyume chake: sauti ya kompyuta iwekwe juu, karibu na mwisho, na kitufe cha spika kishushwe hadi pale masikio yanaporidhika.

Mluzi mkali huondoka kwa kuizima mikrofoni isiyotumika katika mipangilio ya sauti, au kuisogeza mbali na spika. Mluzi huo hutokea kwa sababu mikrofoni inaisikia spika, inairudishia sauti hiyo, na spika inaitoa tena ikiwa kubwa zaidi, mzunguko usio na mwisho. Wanaofanya mikutano kwa njia ya intaneti wataepukana nao kabisa kwa kutumia spika za masikioni.

Kitufe kinachokwaruza kila kinapozungushwa kina vumbi au kimechakaa ndani. Kukizungusha mara kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho huweza kusaidia kwa muda, na mafundi wa redio wana dawa ya kupuliza ya kusafishia sehemu hizo.

Simu na mlio wa "tit-tit-tit"

Mlio wa simu katika spika umewashangaza wengi tangu simu za mkononi zilipoenea nchini. Maelezo yake ni mepesi.

Katika mtandao wa kizazi cha pili, simu hadi nane hugawana masafa mamoja kwa kupokezana. Kila simu husubiri zamu yake, hutuma mawimbi kwa muda unaozidi kidogo nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha hunyamaza. Zamu hiyo hurudi takriban mara 217 kila sekunde.

Katika zamu yake simu inaweza kutuma kwa nguvu inayofikia wati 2. Waya wa spika ulio karibu huwa kama antena, na amplifaya hugeuza yale mapigo 217 kuwa sauti ambayo sikio linaisikia vizuri.

Mitandao ya vizazi vilivyofuata haitumi kwa mtindo huo, ndiyo maana mlio huu umepungua katika simu za kisasa. Hata hivyo haujaisha, kwa kuwa simu ndogo za vitufe bado zinatumia kizazi cha pili, na hata simu kubwa hurudi huko mahali ambapo mawimbi ya vizazi vipya ni hafifu.

Suluhisho ni kuiweka simu umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye spika, mikrofoni na waya zake. Mlio huo hauashirii ubovu wowote wa spika wala wa simu.

Kelele kutoka tumboni mwa kompyuta

Milio inayobadilika unaposogeza kipanya hutoka ndani ya kompyuta yenyewe. Ndani ya kasha, kadi ya sauti hukaa jirani na vifaa vinavyovuta umeme kwa mikupuo kila vinapofanya kazi. Mikupuo hiyo hupenya katika njia ya sauti.

Hatua ya kwanza ni kuhamisha waya wa spika kutoka tundu la mbele ya kasha kwenda la nyuma. Tundu la mbele huunganishwa kwa waya mrefu unaopita katikati ya vifaa hivyo, ilhali la nyuma limo moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta.

Hilo likishindikana, kadi ndogo ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB huweza kumaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko ya spika mpya. Huiondoa kazi ya kutengeneza sauti katika lile tumbo lenye vurugu. Isipokuwa ijulikane kwamba umeme wa tundu la USB nao waweza kuwa na kelele, hivyo ni vema kuijaribu kabla ya kulipia.

Mikwaruzo inayokuja wakati kompyuta imeelemewa ina sababu nyingine. Muziki wa kidijitali hugawanywa katika vipande vidogo mno: vipande 44,100 kwa sekunde katika santuri za CD, na mara nyingi 48,000 katika video. Kompyuta ikichelewa kuvifikisha, hata kwa muda mfupi, pengo hilo husikika kama "tap".

Kwa hali hiyo, programu zisizohitajika zifungwe, draiva ya kadi ya sauti isasishwe kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, na vikolezo vya sauti vilivyomo katika mipangilio vizimwe. Baada ya kila badiliko moja isikilizwe tena, ili ijulikane ni lipi lililosaidia.

Mvumo unaoonya

Sehemu hii ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu inagusa uhai.

Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda ina kazi tatu tofauti. Pini mbili za chini hupitisha umeme kwenda na kurudi. Pini ya juu, iliyo ndefu kuliko wenzake, ni ya waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi. Urefu wake ni wa makusudi: iguse kwanza kabla ya nyingine, na ifungue vifuniko vya matundu ya chini.

Ndani ya pawa saplai ya kompyuta mna vichujio vinavyopunguza kelele za umeme kwa kuzielekeza kwenye kasha, na kutoka kwenye kasha kwenda ardhini kupitia ethi. Ethi isipokuwepo, umeme huo mdogo hukosa njia na kasha hubaki limechajiwa. Katika nyumba yenye umeme wa volti 230, kasha linaweza kufikia takriban nusu yake, yaani volti 115 hivi.

Hapo ndipo mtu anapogusa chuma cha kompyuta na kuhisi vidole vinasisimka. Mkondo huo kwa kawaida ni mdogo, chini ya miliampia 1, na peke yake hauui. Lakini unatafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu mara nyingi ni waya wa sauti unaokwenda kwenye amplifaya. Ukipita humo, spika huvuma.

Kwa maneno mengine, mvumo ukiambatana na msisimko kwenye kasha, ni dalili kwamba soketi, ekstensheni au nyumba nzima haina ethi inayofanya kazi.

Hatari yenyewe iko mbele. Siku waya wenye umeme utakapokatika ndani ya kifaa na kugusa kasha, ethi ingeupeleka mkondo huo ardhini kwa nguvu na kukata fyuzi au kuangusha swichi. Pasipo ethi, fyuzi haikatiki. Kasha hukaa kimya likiwa na volti 230 zote, likimsubiri atakayeligusa.

Kwa wanaounganisha kompyuta na mikisa, gitaa na mikrofoni, hatari hiyo husafiri hadi jukwaani. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti alifariki mjini Swansea, Wales, Mei 1972, baada ya kupigwa na umeme alipogusa mikrofoni akiwa jukwaani. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds ya Uingereza, alifariki nyumbani kwake Mei 1976 akipiga gitaa la umeme ambalo halikuwa na ethi ipasavyo.

Usikate pini

Upo mvumo wa aina nyingine ambao hutokea pale ethi inapokuwepo, tena zaidi ya moja. Kompyuta imechomekwa kwenye soketi ya ukuta huu, amplifaya kwenye soketi ya ukuta wa pili, na vyote viwili vina ethi. Vikiunganishwa kwa waya wa sauti, hutengeneza mzunguko, na tofauti ndogo ya umeme baina ya ethi hizo mbili hupita ndani ya waya wa sauti.

Hapa ndipo ushauri wa kukata pini ya ethi unapotolewa. Ni kweli mvumo huisha, kwa kuwa mzunguko umekatwa. Lakini kinga nayo imekatwa.

Zipo njia salama za kufikia lengo hilo hilo. Ya kwanza ni kuvichomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, alimradi jumla ya umeme vinaotumia haizidi uwezo wa ekstensheni hiyo. Kompyuta, spika na mikisa ndogo kwa kawaida haviuzidi, ila pasi na jiko visiongezwe humo.

Ya pili ni kuweka kati ya kompyuta na amplifaya kifaa kidogo chenye transfoma ndani yake, kinachopitisha sauti kwa sumaku bila ya waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili. Ya tatu ni kutumia njia ya sauti isiyo na waya, kama vile bluetooth, inapowezekana. Katika njia zote hizo ethi hubaki mahali pake.

Mazoea mengine yanayopaswa kukoma ni kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili kulazimisha plagi ya pini mbili iingie. Plagi hiyo haishiki sawasawa, hutoa cheche zinazosikika kama mikwaruzo katika spika, huweza kupata joto, na mara nyingi haina fyuzi. Adapta inayofaa ndiyo suluhisho.

Aidha, zipo ekstensheni zenye matundu matatu lakini ndani ya waya wake mna nyuzi mbili tu. Ethi ya namna hiyo ni ya macho. Mnunuzi achague yenye waya wenye nyuzi tatu, ule wa kijani na njano ukiwa umefungwa kwenye sehemu ya ethi.

Umeme wa jua na jenereta

Wanaotumia umeme wa jua au betri za akiba wanaweza kusikia mvumo mkali unaoanza pale tu umeme wa gridi unapokatika. Sababu ni inveta. Zile za bei nafuu hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa ngazi badala ya kwenda kwa wimbi laini, na ngazi hizo spika huzisikia.

Spika za USB, au kompyuta mpakato inayotumia betri yake, hupunguza kero hiyo. Anayerekodi muziki au vipindi anashauriwa kutafuta inveta ya wimbi laini.

Lini aitwe fundi

Iwapo kelele haibadiliki hata waya wa sauti ukichomolewa na kitufe kikishushwa, huenda kapasita za kuchuja umeme ndani ya spika zimekufa. Kazi hiyo aachiwe fundi wa vifaa vya umeme, kwa kuwa kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Spika inayotatarika kwenye besi pekee inaelekea kuchanika karatasi yake, nayo hubadilishwa.

Iwapo kasha la kompyuta, amplifaya au friji linasisimua vidole, asiitwe fundi wa kompyuta. Aitwe fundi umeme mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA, apime ethi ya nyumba kwa kifaa cha kupimia badala ya kutazama kwa macho.

Ni vema pia kumwomba afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, ambacho huukata kabla haujamdhuru mtu. Hadi hapo kazi itakapokamilika, vifaa hivyo vichomolewe, na watoto wasiachwe wavichezee.